Nyayo Nyuma ya Kochi

Fundi nilimtafuta mwenyewe, sitaki kumsingizia mtu. Kaka yangu Ayman alituma kutoka Mombasa maboksi ya spika, saba za sauti na moja kubwa ya besi, kisha akanipigia simu kuniuliza kama hapa Malindi namjua mtu wa kuzifunga. Nikasema namjua mmoja, nikamtajia namba palepale bila kuitafuta. Ayman akaguna, halafu akasema haya, sawa. Ningekuwa na akili ningejifanya naitafuta.

Spika zilikuwa za Baba. Macho yalimwisha polepole kwa presha ya macho, na mwaka huu alikuwa amebakiwa na mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Mzee Abdurahman, aliyekuwa akisoma gazeti mpaka matangazo madogo madogo ya mwisho, sasa alikuwa mtu wa kusikiliza. Mpira, kasida, taarifa ya habari, vyote kwa masikio. Ayman alitaka Baba akiketi sebuleni ausikie uwanja mzima umemzunguka, mashabiki mbele na mashabiki nyuma.

Na fundi mwenyewe ni Nzai wa Kakuyuni. Jina lake la chuoni, la Kiislamu, ni Ismail, lakini hilo nalijua mimi na mwalimu wake tu. Kwa miezi sita alikuwa akija kwenye duka la dawa ninapofanya kazi, kumnunulia mama yake dawa ya presha. Dawa ya mwezi mzima yeye aliinunua ya wiki wiki. Siku moja nilimwambia angeweza kuchukua boksi zima akapumzika na safari. Akanijibu, akiwa ameinamisha macho, kwamba boksi zima litamharibikia. Mimi nimesomea dawa, najua vidonge vile vinakaa miaka miwili. Nikachukua mkasi nikamkatia vya wiki moja.

Hakuwahi kuniambia neno lolote la mapenzi, wala mimi. Alikuwa akisimama upande wake wa kaunta, mimi upande wangu, tunaulizana habari za mama yake. Akishatoka nilikuwa nakosea hesabu ya vidonge vya mtu anayefuata.

Jumapili, siku ile ile maboksi yalipofika, Shangazi Zuleikha aliniita chumbani kwake. Alinikalisha kitandani, akanishika mkono, akaniambia mwanawe Sufyan amenitaka. Kwetu msichana akitajiwa posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kukubali. Nalijua hilo tangu chuoni. Lakini mimi sikunyamaza kwa kukubali. Shangazi ndiye aliyenilea tangu Mama alipofariki nikiwa na miaka saba, na nilikuwa natafuta maneno ambayo hayatamuumiza. Nilikuwa bado nayatafuta nilipomsikia akipiga kigelegele.

Akaenda kumwambia Baba kwamba nimekubali. Ijumaa baada ya sala wazee wangekuja kupewa jawabu, na neno likishakaliwa na wazee halirudi. Mimi nilibaki chumbani na kimya changu, nikijiuliza ni vipi mtu anaolewa bila kufungua mdomo.

Jumatatu Nzai akaja na mkoba wake. Alimwamkia Baba shikamoo, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Baba, ambaye sasa huwajua watu kwa sauti, alimjibu marahaba na papo hapo akamuuliza kwa Kigiriama ni wa wapi. Waliongea Kakuyuni yote, visima na minazi, mpaka kahawa ikapoa. Kisha Nzai akamwomba Baba akae kama anavyokaa siku zote, kwenye kiti chake chenye mikono ya mbao za msaji karibu na mlango, akampima kwa futi kutoka sakafuni mpaka sikioni. Akaandika kwenye daftari.

Nilisimama mlangoni na sinia nikijifanya nangoja vikombe. Alitueleza, huku akimtazama Baba na kunielekezea mimi maneno, kwamba spika hazifuati ukuta, zinamfuata mtu. Kwanza ujue mtu anakaa wapi na masikio yake yako juu kiasi gani, ndipo zote uzielekeze kwake. Pana mahali pamoja tu chumbani ambapo sauti zote hukutana. Ukisogea hatua mbili utasikia, lakini hutasikia sawasawa.

Shangazi hakupendezwa na habari hizo. Yeye alitaka spika ziingie kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, moja huku na moja kule, pembeni mwa sahani za marehemu bibi, zipendeze. Nzai alimwambia kwa adabu kwamba spika ikiwekwa ndani ya kidaka, mtu atasikika kama anasemea ndani ya mtungi. Shangazi akasema nyumba hii ina zaidi ya miaka mia na haijawahi kuambiwa na fundi ikae vipi. Baba akacheka. Zidaka zikabaki na sahani zake.

Siku ya pili ilikuwa ya nyaya na ya besi. Ile spika kubwa aliipandisha juu ya kiti cha Baba, akaifungulia mdundo, kisha akashuka akatambaa chumba kizima kwa magoti, akisikiliza kila pembe, kwa sababu pale ambapo besi itasikika vizuri akiwa chini ndipo pa kuiweka. Shangazi alikaa mlangoni akimtazama mtu mzima anatambaa kwenye zulia lake. Nilikimbilia uani nikacheka peke yangu. Niliporudi, Nzai alikuwa bado amepiga magoti, nywele zina vumbi, na aliponiona aliacha kusikiliza.

Jumatano Ayman alikuja alfajiri akampeleka Baba Mombasa kwa daktari wa macho. Nyumbani tukabaki wanawake wawili na fundi. Shangazi aliketi jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi, mlango wazi, na mimi nikaelewa kwamba mbuzi ile ilikuwa ya kukunia nazi na ya kunilinda pia. Ikikwaruza, yuko kazini. Ikinyamaza, anasikiliza.

Ilikuwa saa tisa na joto la Januari. Pazia la dirisha la uani lilikuwa likiinuka na kushuka. Nzai alikuwa amesimamisha spika zote mahali pake, mbili za mbele na moja ya katikati chini ya televisheni, mbili za ubavuni, mbili za nyuma juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyeketi. Ilibaki kuzipima.

"Kaa," aliniambia. "Nataka kichwa cha mtu. Maiki peke yake hainitoshi."

Nikakaa. Kiti cha Baba kilikuwa pale pale karibu na mlango, hakuna asiyekijua. Mimi nilikaa ninapokaa siku zote, pembeni mwa kochi, karibu na dirisha. Nzai alikitazama kiti cha Baba, akanitazama mimi. Kisha akaileta stendi ya maiki akaisimamisha karibu na sikio langu. Mimi sikumwambia kwamba amekosea. Nilijidanganya kwamba atapima mara mbili.

Spika zikalia moja moja, mlio mwembamba, kutoka kila upande. Baada ya kila mlio alikwenda kwenye spika, akaigeuza kidogo, akanitazama, akaigeuza tena. Nimetazamwa na watu maishani mwangu, sokoni na harusini. Sijawahi kutazamwa na mtu anayetaka kuwa na hakika nilipo. Mikono yangu sikujua niiweke wapi, nikaifunika na leso.

"Sasa fumba macho," alisema.

Mvua ikaanza. Ilianzia mbali, mbele yangu, kisha ikaja ikapanda juu ya makuti na kunizunguka kote, na nikaanza kusikia baridi mabegani ilhali nje hakukuwa na wingu. Aliirekodi nyumbani kwao, akaniambia, kwa maiki nne, masika iliyopita. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ya mama yake, siku ambayo sikuwepo.

Mvua ikakatika. Kukawa na maji madogo madogo yanayopita kwenye mizizi, na ndege mmoja. Halafu nikasikia nyayo juu ya mbao. Zilitoka kushoto, zikapita mbele yangu polepole, zikaenda kulia, zikapita nyuma ya kochi karibu sana mpaka shingo ikanisisimka, zikarudi kushoto.

"Nani huyo?" niliuliza, macho yamefumba.

"Mimi. Kule Dabaso, kwenye jukwaa la mbao mwisho wa daraja la mikoko. Niliweka maiki katikati, nikatembea."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Sikuwa natafuta." Sauti yake ilitoka mbele yangu huku nyayo zake zikipita nyuma. "Nilikuwa nafikiri mtu angekuwa ameketi pale katikati, ningemzunguka vipi nisimsumbue."

Ningeweza kukaa pale mpaka nizeeke. Nyayo zilinizunguka mara tatu, mara nne, bila haraka, na moyo wangu ukazifuata kila zilipokwenda. Ndipo nikasema, kwa sababu mtu aliyefumba macho husema asichokisema akiwa amefumbua.

"Ijumaa Baba anatoa jawabu. Nimeposwa na Sufyan, mtoto wa Shangazi."

Nyayo ziliendelea, ni rekodi, haikujua kitu. Nilipofumbua macho Nzai alikuwa amesimama katikati ya sebule na futi mkononi.

"Ulipoulizwa ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi umekubali."

"Na wewe?" nilimwambia kwa sauti ya chini. "Miezi sita umesema nini?"

"Nimesema nataka dawa ya mama."

Nikacheka, na cheko lile likaniletea machozi. Alikuja hatua moja, akasimama. Aliniambia kwamba yeye ni mtu wa mashamba na nyumba yetu ni nyumba ya mawe. Akasema akibisha hodi kwetu ana kazi ya kufanya, watu humfungulia. Akija na haja ya moyo wake, hajui kama atafunguliwa. Nikamwambia hawezi kujua ikiwa hajabisha. Alitaka kunijibu, nikaona midomo imeshafunguka, na jikoni mbuzi ikanyamaza.

Shangazi aliuliza kutoka kule kama hiyo mvua imekwisha. Nzai akasema imekwisha, mama. Akakunja nyaya zake, akafunga mkoba, akaondoka bila kumaliza alichotaka kuniambia. Nilibaki pembeni mwa kochi na hasira, sijui nimkasirikie yeye au nijikasirikie mimi.

Alhamisi baada ya alasiri Baba, aliyerejea usiku wa jana, aliketi kwenye kiti chake, amevaa kanzu safi kama mtu aliyealikwa. Alitaka asikie kwanza ile rekodi ya kujaribia aliyoiacha fundi. Nikamwekea. Mkono wangu juu ya rimoti ulikuwa wa mwizi.

Mvua ilipita, akaisifu. Nyayo zikaanza. Baba aliinamisha kichwa, akakigeuza upande mmoja, akakigeuza wa pili.

"Huyu anatembea," alisema. "Anatembea vizuri. Lakini hanizunguki mimi."

Shangazi akasema ndiyo yale aliyoyasema, ukileta mafundi wa mashambani utapata kazi za mashambani. Baba aliinua mkono anyamaze. Akasimama. Nilikwenda kumshika, akanikataa. Akatembea na mkono mmoja ukutani, kisha mgongoni mwa kochi, akaketi upande wa kwanza akasikiliza, akasogea katikati akasikiliza, akasogea tena mpaka pembeni karibu na dirisha. Pale akatulia.

"Ni hapa," alisema. "Anapazunguka hapa. Nani hukaa hapa?"

Nilimwona Shangazi akinitazama, na nikaona jinsi jambo lilivyomwingia kidogo kidogo, ile mvua ya jana, ule ukimya, fundi aliyeondoka haraka.

"Zuleikha, nauliza."

"Rayhana," alisema Shangazi.

Baba alikaa palepale mpaka rekodi ikaisha. Kisha akataka nimpigie fundi simu aje.

Nusu saa haikuisha Nzai akafika, shati limemganda kwa jasho. Alisalimu, akamwona Baba ameketi mahali pangu, akasimama karibu na mlango. Baba alimuuliza kama Jumatatu hakumpima masikio. Akasema alimpima. Akamuuliza kama kiti alikijua. Akasema alikijua.

Angeweza kusema maiki iliteleza. Angeweza kusema mimi ndiye niliyekaa pasipo pangu, na ningemuunga mkono wallahi, ningeapa. Nilimwomba kwa macho aseme hivyo. Nzai alinitazama mara moja, akamgeukia Baba.

"Si kazi mbovu, mzee wangu. Vipimo ni sawa, ila nilimpimia Rayhana. Nilipomwona ameketi hapo sikuweza kupima kwingine. Nisamehe."

Shangazi akasimama. Alisema haya ni kudharauliwa ndani ya nyumba ya watu. Alisema huyu hatuwajui wazee wake, na msichana ameshaulizwa na amekubali, na kesho wazee wanakuja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Alikubali vipi?" Baba akauliza.

"Alinyamaza."

Baba akashusha pumzi. Akamwambia Nzai kazi aliyoitiwa ilikuwa ya kiti kile, aigeuze. Akarudi kwenye kiti chake, na mimi, kwa kukosa pa kwenda, nikaketi pembeni mwa kochi.

Nzai alianza na spika za mbele. Akaigeuza ya kwanza, kidogo tu, ikaacha kunitazama. Akaigeuza ya pili. Akaja nyuma ya kochi, nikamsikia anapumua juu ya kichwa changu, bisibisi inazunguka, na spika ya nyuma nayo ikaniacha. Sikujua kuwa mtu anaweza kuondokewa hivi, kwa skrubu moja baada ya nyingine. Nilikuwa nalia bila sauti na hakuna aliyeniona isipokuwa Shangazi, naye akatazama dirishani. Nzai alipomaliza kupima aliifungulia rekodi, na nyayo zake zikaenda zikamzunguka Baba. Kwangu zilipita mbali, za mtu anayekwenda na njia yake.

Baba alisikiliza mzunguko mmoja. Akaomba izimwe.

"Rayhana."

"Labeka, Baba."

"Kimya chako shangazi yako amekifahamu kama tulivyofunzwa sote, hana kosa. Lakini mimi sikukuuliza mwenyewe, na hilo ni kosa langu. Sasa nakuuliza. Na usinitikisie kichwa, mwanangu, mimi sioni. Sema."

Sebule nzima ikawa kimya, na kimya kile nilikijua, kilikuwa kinanivuta mkono kama Jumapili. Nilimtazama Shangazi, mikono iliyonisuka nywele miaka yote ile. Nikafungua mdomo.

"Sufyan simtaki, Baba. Ni ndugu yangu, ni mtu mwema, na simtaki." Ningekomea hapo ingetosha. "Namtaka Nzai."

Shangazi aliketi taratibu, akajifunika uso kwa leso.

"Angeniambia mimi," alisema. "Nimemlea. Angeniambia mimi."

Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia anisamehe, kwamba niliogopa kumvunja moyo. Alibaki na uso ndani ya leso. Lakini hakuuondoa mkono wake nilipoushika, na tulikaa hivyo, mimi chini na yeye juu, huku Baba akimgeukia Nzai upande aliposikia pumzi zake.

Alimwambia kwamba hajampa kitu. Dada yake Zuleikha ameumia leo nyumbani kwake, na hilo halipiti kwa siku moja. Sufyan atatumiwa ujumbe leo leo, aambiwe kwa heshima, na ataupeleka Baba mwenyewe. Kisha akamuuliza ana nani wa kumtuma. Nzai akasema baba yake alishafariki, lakini ana mjomba, Mwaringa.

"Aje kesho, kabla ya sala," Baba alisema. "Aje na maneno yake yote. Wewe unachelewa kusema."

Nzai aliinama akachukua mkoba, akaushika vibaya, futi ikaanguka, akaiokota. Alifika mlangoni na nilidhani ataondoka vilevile kama jana. Akasimama. Akageuka, na mbele ya Baba, mbele ya Shangazi, alinitazama usoni bila kuinamisha macho.

"Rayhana, kesho nakuja kukuposa."

"Njoo," nilimjibu, kwa sauti ya kumfikia Baba.